Pikapu Mbili za Baba Mkwe

Akina mama wengi tukisikia neno pikapu, mawazo yetu hukimbilia gari la kubebea mahindi. Lakini wapigaji wa gitaa la umeme nao wana pikapu yao. Ni kile kisanduku chembamba kinachokaa chini ya nyuzi, ambacho kazi yake ni kuzisikiliza nyuzi na kupeleka habari zake kwenye amplifaya. Gitaa likisifiwa kuwa lina sauti tamu, au likilaumiwa kuwa lina sauti ya kopo, mara nyingi anayesifiwa au kulaumiwa ni huyo pikapu.

Hapa kwetu Kidete, wilaya ya Kilosa, tunayo magitaa mawili ya zamani yaliyotengenezwa Japani. Mwaka jana familia yetu ilitumia majuma mawili kuzilinganisha pikapu zake, jioni baada ya jioni, kama watu wanaochambua mchele. Hatukufanya hivyo kwa kujifurahisha. Binti yetu alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, malipo ya awali yalikuwa yakingojewa, na alikuwapo mnunuzi aliyetaka kitu kimoja tu katika nyumba yetu.

Sisi tunaoandika haya ni wake wa ndugu wawili, tunaoishi ua mmoja na mama mkwe wetu. Magitaa hayo yaliachwa na baba mkwe, aliyekuwa mfanyakazi wa reli. Wasomaji wanaoijua Reli ya Kati wataikumbuka stesheni yetu, kati ya Kilosa na Gulwe. Katika ujana wake alikuwa akipiga na bendi ndogo mjini Morogoro, siku za mapumziko. Hiyo ilikuwa ile miaka ambayo Morogoro Jazz na Cuban Marimba zilijulikana nchi nzima, na kila kijana wa mkoa huu aliyeshika gitaa alitaka kupiga kama Mbaraka Mwinshehe. Mwaka 1970 Mbaraka mwenyewe alikuwa miongoni mwa Watanzania waliokwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia yaliyoitwa Expo 70. Basi katika nyumba hii Japani si nchi ngeni. Magitaa ya baba mkwe yalitoka huko, na redio yake pia.

Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyong'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe, yaliyakuta magitaa hayo yamepandishwa darini. Ndiyo maana yapo hadi leo. Binti yetu alijifunza kwa hayo hayo, akawa mpigaji wa kwaya.

MNUNUZI ALIYEPONDA

Mnunuzi alikuwa kijana kutoka mjini anayezunguka akitafuta vifaa vya zamani. Aliyatazama magitaa yote mawili. La kwanza halina jina lolote kichwani. Lina kibandiko cha chuma tu kinachosema limetengenezwa Japani, na pikapu zake mbili zina uso wa karatasi ya dhahabu inayometameta kupitia matundu ya mfuniko. La pili ni Ibanez ya miaka ya 1970, zito, lenye pikapu pana za chuma cheupe.

Kijana alisema lile la dhahabu ni mdoli wa watoto, sauti yake ya kopo, lakini kwa kutuhurumia angezing'oa zile pikapu mbili na kutuachia fedha kidogo. Ibanez hakuigusa. Sisi ni watu wa soko. Mnunuzi anayeponda kuku huku amemshika miguu hana nia ya kumwachia. Tukamwambia arudi baada ya majuma mawili.

Mama mkwe alikuwa amekaa kimya. Kijana alipoondoka akasema, "Ukilitoa hilo, gitaa linabaki ubao." Hapo ndipo tulipoona kwamba hatuna budi kujua kwanza tunachouza.

NDUGU WA DAINAMO

Fundi redio wetu wa siku nyingi ndiye aliyetufungulia kile kisanduku na kutueleza. Pikapu, alisema, ni ndugu wa dainamo ya baiskeli. Ndani mna sumaku, na pembeni yake mna koili ya waya wa shaba mwembamba kama unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Katika dainamo sumaku huzunguka. Katika pikapu sumaku imetulia, na uzi wa chuma unatikisika juu yake. Mtikisiko huo huibadilisha nguvu ya sumaku inayopita katika koili, na hapo huzaliwa umeme mdogo sana. Amplifaya huukuza, spika ikaugeuza kuwa sauti. Kwa sababu hiyo magitaa ya galoni ambayo watoto wetu huyafunga mshipi wa kuvulia hayawezi kuimba kwa pikapu ya namna hii, maana nailoni haina habari na sumaku.

Koili moja ina kasoro yake. Pamoja na uzi, hunasa pia umeme unaopita katika nyaya za nyumba, na spika ikatoa mvumo kama wa nyuki walio mbali. Mwaka 1955 fundi wa kampuni ya Gibson huko Marekani, Seth Lover, aliomba hataza ya dawa yake. Alizipanga koili mbili bega kwa bega, moja imegeuziwa mwenzake, hivi kwamba mvumo unaonaswa na hii unafutwa na ile, wakati sauti ya uzi inajumlishwa. Pikapu za Ibanez yetu ni za mtindo huo. Katika miaka ile pikapu nyingi za Ibanez zilitengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Nisshin, kwa chapa ya Maxon. Magitaa yenyewe mengi yaliundwa na kiwanda cha FujiGen katika mji wa Matsumoto, kilichoanzishwa mwaka 1960.

Lile lisilo na jina fundi alilifananisha na magitaa ya Teisco, kampuni iliyoanza mjini Tokyo mwaka 1946 na kununuliwa na Kawai mwaka 1967. Magitaa ya Kijapani ya namna hiyo yaliuzwa ng'ambo kwa maelfu katika miaka ya 1960, mara nyingi yakipewa jina la duka lililoyaagiza au yakiachwa bila jina. Pikapu zake zina koili moja. Chini ya karatasi ya dhahabu, ambayo ni pambo tu, tulikuta sumaku bapa inayopindika kama kandambili. Ni unga wa sumaku ya ferati uliochanganywa na mpira.

Ferati yenyewe ina asili ya Japani. Wataalamu wawili wa Tokyo, Yogoro Kato na Takeshi Takei, waliivumbua mwaka 1930, na kampuni ya TDK ilianzishwa mwaka 1935 ili kuitengenezea biashara. Akina mama wa rika letu tunaikumbuka TDK kwa kaseti zake, ambazo kwaya nyingi zilirekodia mazoezi. Mwaka 1931 Mjapani mwingine, Tokushichi Mishima, alivumbua chuma cha sumaku chenye nikeli na aluminiamu, kilichokuwa mzazi wa sumaku za alniko zinazotumika katika pikapu nyingi za bei ghali duniani. Kwa hiyo anayeziita sumaku za Kijapani midoli, yafaa aulizwe za kwake zilianzia wapi.

Tulisoma pia kwa nini kijana alizitamani zile za dhahabu. Zamani zilikuwa kweli vitu vya bei rahisi. Hound Dog Taylor, mpigaji wa Chicago aliyefariki mwaka 1975, alijulikana kwa kupiga gitaa rahisi la Kijapani, na watu waliipenda sauti yake kali yenye mikwaruzo. Baadaye Mmarekani Ry Cooder, bingwa wa gitaa la kuteleza, alitia pikapu ya dhahabu ya Teisco katika gitaa lake la Fender. Wapigaji wengine wakaanza kuzitafuta. Siku hizi hata Fender wenyewe wametoa magitaa yenye pikapu za kuiga mtindo ule.

MASHARTI YA HAKI

Kujua historia hakutoshi, maana sauti ni ya sikio. Fundi alitutahadharisha mapema kwamba watu wengi wakilinganisha magitaa hulinganisha vitu vingine bila kujua. Akatupa masharti, nasi tukayaandika katika daftari la matumizi ya nyumbani.

Kwanza, nyuzi ziwe mpya na za aina moja kwenye magitaa yote mawili. Uzi wenye kutu huinyima hata pikapu bora sauti yake.

Pili, pikapu zikae umbali sawa kutoka kwenye nyuzi. Tulitumia sarafu mbili zilizobebana kama kipimo. Pikapu ikiwa mbali, sauti hunyong'onyea. Ikiwa karibu mno, sumaku huvuta uzi na kuuzuia usitikisike kwa uhuru.

Tatu, ya shingoni ilinganishwe na ya shingoni, na ya mkiani na ya mkiani. Karibu na mkia uzi hutikisika kidogo, kwa hiyo sauti ya huko ni nyembamba na kali katika gitaa lolote. Kulinganisha ya huku na ya kule ni kama kupima urefu wa watoto, mmoja amesimama juu ya kigoda.

Nne, amplifaya iwe moja, waya mmoja, na vifundo visiguswe. Tulivitia alama kwa penseli. Mkono pia uwe mmoja, na huo ulikuwa wa binti yetu.

Tano, na hili ndilo kubwa, nguvu za sauti zisawazishwe. Pikapu yenye koili mbili hutoa umeme mwingi kuliko yenye koili moja, na sikio la binadamu hukiona kilicho na nguvu zaidi kuwa ndicho kizuri zaidi, hata kama tofauti ni ndogo. Kila mara ilipofika zamu ya Ibanez, binti alipunguza kifundo cha gitaa lenyewe mpaka zilipolingana.

Sita, msikilizaji asione. Tulitundika kanga mbili mlangoni, mama mkwe na wasikilizaji wengine wakakaa upande wa pili. Zamu tulizipanga kwa kura, na kila wimbo ulirudiwa mara tatu katika siku tofauti.

TULICHOSIKIA

Jirani zetu walikwisha amua. Walisema mama mkwe atachagua la dhahabu kila mara, kwa kuwa ndilo alilolibeba mumewe wakati anamposa.

Katika wimbo wa polepole uliopigwa uzi mmoja mmoja, kweli alilichagua la dhahabu, mara zote tatu. Pikapu yake ya shingoni ina sauti ya mviringo, lakini mwanzo wa kila noti unasikika wazi, kama mtu anayetamka maneno bila kuyameza. Ukipiga nyuzi nne kwa pamoja, zote nne unazihesabu. Ibanez ilikuwa nene na laini, noti zake zikikaa muda mrefu kabla ya kufa, ila nyuzi nyingi zikipigwa pamoja hushikamana kama ugali. Mama mkwe alisema, "Hili linanisomea maneno. Lile linanifunika kama blanketi."

Siku ya kulipigia kanisani, pamoja na kwaya nzima na jenereta ikinguruma nje, mambo yaligeuka. La dhahabu lilivuma kila kwaya iliponyamaza kupumua, na sauti ilipoongezwa likaanza kupiga mluzi. Fundi alitueleza kwamba koili yake haikutiwa nta, hivyo nyaya zenyewe hutetemeka kwa sauti ya spika, na ule mtetemo unarudi tena kwenye amplifaya. Ukiigonga kwa ukucha unausikia mgongo huo ndani ya spika. Ibanez ilikaa kimya wakati wa kukaa kimya. Mama mkwe, akiwa amefumba macho kwenye benchi la nyuma, alichagua Ibanez, mara zote tatu. Jirani zetu walishangaa. Yeye alisema tu, "Nilimpenda aliyelibeba. Masikio ni kitu kingine."

Zikabaki pikapu za mkiani. Ya Ibanez ilikuwa kali lakini yenye mwili. Ya lile la dhahabu ilikuwa nyembamba, ikichoma kama pilipili mbichi. Kutoka nyuma ya kanga tukamsikia mama mkwe akicheka. "Hiyo hata marehemu alikuwa haiwashi," alisema. "Alisema inamwumiza jino." Binti naye akakiri kwamba kwa miaka yote minne ya kwaya hajawahi kuiwasha.

Tulitazamana. Jibu lilikuwa limekwisha kuja lenyewe.

BEI

Kijana aliporudi tulimwandalia chai, tukafungua daftari. Tulimwambia pikapu ile ina koili moja, sumaku yake ni ya mpira na ferati, waya wake haujakatika kwa sababu fundi ameupima, na tunajua ni nani wanaoitafuta na kwa nini. Tukamwambia kwamba tunauza ya mkiani peke yake. Ya shingoni haiuzwi.

Alisema zote mbili au aondoke. Tukamtakia safari njema. Alifika barabarani, akarudi. Alipandisha bei mara tatu, na ya tatu ilitosha malipo ya awali ya chuo, sare na nauli. Hatukuongeza tamaa, kwa sababu naye ana watoto wa kulisha. Fundi aliing'oa mbele yetu, akaifunga katika kitambaa.

Pengo lililobaki lilikuwa baya kulitazama, kama jino la mbele lililong'oka. Fundi alikata kipande cha mfuniko wa sufuria kuukuu ya aluminiamu akaliziba. Bati alilikataa, kwa sababu lingeshikana na sumaku. Aliuliza kama tungependa aitie nta pikapu iliyobaki ili iache kupiga mluzi. Nta ya nyuki ipo, na namna yake ni kuiyeyusha katika sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria ya maji moto, bila kuiweka motoni moja kwa moja, maana nta hushika moto upesi. Lakini moto ukizidi, mpira na plastiki hupinda, na ule uhai wa noti hupungua kidogo. Mama mkwe alikataa. Badala yake mpigaji amehamishwa akae mbali na spika, na mluzi umepungua.

Mpendwa msomaji, katika nyumba nyingi za kwetu kipo kitu cha namna hii. Yawezekana ni cherehani ya mkono, redio ya mbao, baiskeli ya babu au saa ya ukutani. Siku moja atakuja mtu wa kukuambia ni takataka, na siku hiyo kwa kawaida ndiyo siku ambayo una shida ya fedha. Usimkimbilie wala usimfukuze. Mwite fundi unayemwamini akifungue kitu hicho, ujue ndani mna nini. Kijaribu katika hali iliyo sawa na kingine cha aina yake, ukiwa umefumba macho ikiwezekana. Waulize wazee, kwa maana wao wanakumbuka ni sehemu gani iliyotumika na ni ipi iliyokaa bure miaka yote. Huenda ukagundua kwamba kinachotakiwa na mnunuzi na kinachopendwa na nyumba yako si sehemu ile ile, na pande zote mbili zikaondoka zimeridhika.

Binti yetu sasa yuko mwaka wa kwanza. Nafasi yake katika kwaya ameichukua mdogo wake, ambaye Jumapili hushika Ibanez, na jioni nyumbani hushika lile la dhahabu lenye pengo. Mvumo wake bado upo pale pale kabla ya noti ya kwanza. Mama mkwe akiusikia kutoka jikoni huweka mwiko chini, kwa sababu anajua kuna mtu anataka kuanza kupiga.